Mjomba, weka patasi chini!

Haya wadau, nimetoka lekcha nikakuta meseji ya mjomba wangu aliyeko Minnesota. Kanunua nyumba ya mwaka 1956, zile pana zisizo na ghorofa ambazo Wamarekani wanaziita ranchi. Wikiendi hii anataka kubandua sakafu ya besmenti, kile chumba cha chini ya ardhi, watoto wapate pa kuchezea. Picha aliyotuma imeninyima raha: vigae vya inchi 9 kwa 9, chini yake gundi nyeusi tii.

Jamani! Vigae vya saizi hiyo vya miaka ile mara nyingi vina asbestosi, na gundi yake pia. Vikiwa vizima havina neno. Ukivivunja au kuvipiga msasa, vumbi linaingia mapafuni, na saratani inaweza kuja kujitokeza miaka 20, 30 baadaye. Kwa macho huwezi kujua, mpaka kipande kipimwe maabara.

Mimi nasema aviache hapohapo, aweke sakafu mpya juu yake. Ila kwanza aangalie kama zege linatoa unyevu, maana kapeti la huko chini likilowa ni ukungu tu.

Mjomba kanijibu eti mwalimu mtarajiwa anajua nini cha ufundi. Shikamoo yake nampa, lakini sinyamazi. Nimeshamwandikia mkewe. Patasi kaificha.