AFYA YA JAMAA: Haiko bulozi

Mama mumoja wa Manika anatuuliza: «Bwana yangu, fundi wa umeme, ana miaka 46. Sasa anapotea njia ya nyumba, anauliza neno moja mara kumi. Baba yake alianza vile vile, angali na nguvu. Jamaa wanasema ni shangazi anamuloga. Nifanye nini?»

Pole sana, mama. Kwanza umupeleke kwa munganga. Kaswende, UKIMWI, pombe, ao ukosefu wa vitamini fulani vinaweza kuharibu akili namna hiyo, na dawa zake ziko.

Kama si hizo, kuna ugonjwa wa ubongo unaoitwa Alzheimer. Mara nyingi unashika wazee. Lakini namna moja, haba sana, inapita katika damu ya jamaa na kuanza mbele ya miaka 60. Muzazi akiwa nayo, kila mutoto yuko na nafasi moja kati ya mbili ya kuirizi.

Kule Kolombia, katika milima ya Antioquia, ukoo mukubwa uliteswa hivyo kizazi kwa kizazi. Akili ilianza kupunguka karibu miaka 44. Watu walisema ni laana ya padri wa zamani. Munganga Francisco Lopera, aliyekufa mwaka 2024, aliwafuata nyumba kwa nyumba tangu miaka ya 1980. Katika miaka ya 1990 chanzo kikaonekana: kosa dogo katika urizi, si laana. Watahltan, wenyeji wa asili wa Kanada, nao wanarizi namna yao ya ugonjwa huu.

Dawa ya kuuponyesha haijapatikana. Matunzo yapo. Bwana asiguse tena kazi ya umeme. Ale, aoge na alale saa zile zile. Akikosea, usibishane naye. Umuongoze pole pole. Watoto wasitangazwe mitaani; wakikua, waelezwe kweli.

Ninyi wa kanisa, maombi peke haitoshi. Mumoja akae na mugonjwa wakati mama anaenda soko. Vijana, musimucheke.

Na yule shangazi? Amepoteza ndugu yake kwa ugonjwa huu. Sasa anapoteza mutoto wa ndugu yake, na jina lake pia. Mama, umuite nyumbani, mule pamoja. Atakusaidia kumulinda.