Risala ya Wazazi wa Watoto Wenye Selimundu, Karagwe na Kyerwa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Waganga Wakuu wa wilaya zetu mbili, viongozi wa dini na wazazi wenzetu,

Leo ni tarehe 19 Juni, Siku ya Selimundu Duniani. Tumetoka Murongo na Kaisho, Nkwenda na Mabira, Nyakahanga, Nyaishozi na hapa Kayanga. Wapo waliowaacha watoto wodini ndipo wakaja. Tuna jambo moja tu la kukueleza, nalo ni ini la mtoto na biashara inayofanywa juu yake.

Mtoto mwenye selimundu huwa na macho ya njano. Chembe nyekundu za damu yake hujikunja kama mundu na kuvunjika mapema. Za mtu mwingine huishi siku 120 hivi, zake huishi siku 10 hadi 20. Zikivunjika kwa wingi namna hiyo, rangi ya njano inayotokana nazo hulizidi ini, ikajitokeza machoni. Mara nyingi ini lenyewe halina ugonjwa. Hili wengi wetu hatukuambiwa mapema, na mzazi asiyelijua ndiye anayeuziwa.

Mimi ninayesoma risala hii niliuziwa. Ilikuwa siku ya gulio. Muuzaji alimfunua mwanangu kope kwa kidole gumba, akasema, "Mama, ini la huyu limechoka, lazima lisafishwe." Akanipa kopo la unga wa kijani, lina picha ya ini jekundu na maandishi ya lugha nisiyoijua. Nililipa kwa fedha niliyoiweka kwa ajili ya palizi ya kahawa. Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mwezi ulipokwisha macho yalikuwa yaleyale, na mtoto alikuwa anatapika hata ndizi. Mpaka leo sijui nilimnywesha nini. Wenzangu nao wanayo makopo kama hilo. Tumeyaleta, Mheshimiwa, ndiyo hayo yaliyoko mezani mbele yako.

Linalotuuma zaidi ni madini ya chuma, kwa sababu hayo hatuyapati kwa muuzaji wa gulioni peke yake. Watoto wetu huongezewa damu mara kwa mara. Chupa moja ya damu ya mtu mzima ina takriban miligramu 200 za chuma, na mwili hutoa kama miligramu moja tu kwa siku. Kinachobaki hukaa, na mahali kinapokaa kwanza ni kwenye ini. Huu ndio ugonjwa wa ini tunaopaswa kuuogopa. Hata hivyo mzazi akisema dukani "mwanangu hana damu", hupewa dawa ya maji ya kuongeza damu, yenye chuma. Na zahanati inapoishiwa foliki asidi, wengi wetu tumepewa vile vidonge vya wajawazito, ambavyo vina foliki na chuma pamoja. Mama anarudi nyumbani anashukuru. Anampa mtoto kila siku, kwa uaminifu, kitu ambacho mtoto aliyeongezewa damu mara nyingi hapaswi kupewa bila kupimwa.

Nasi tunakiri yetu. Maumivu yakipanda usiku tumewapa watoto panadoli juu ya panadoli bila kuhesabu, na dozi ikizidi huliumiza ini. Tumewachemshia mizizi kwa kusikia jirani kasema. Tumeanza kuambizana, na tutaendelea. Mtoto huyu anahitaji sahani ya kawaida: maharage, mboga za majani, dagaa, yai likipatikana, na maji mengi.

Mheshimiwa, dawa inayopunguza haja ya kuongezewa damu ipo. Inaitwa haidroksiyurea. Mwaka 2019 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale kwa watoto wapatao 600. Waliotumia dawa hii walipungukiwa na maumivu, malaria, kuongezewa damu na hata vifo. Mbale iko Uganda, na sisi wa Murongo Uganda tunaiona ng'ambo ya mto. Lakini kwetu kuipata ni safari ya Bukoba, zaidi ya kilomita 100 kutoka Kayanga, au kuvuka ziwa mpaka hospitali ya Bugando, Mwanza. Nauli ya mama na mtoto, kwenda na kurudi, humaliza fedha ya dawa kabla dawa haijanunuliwa.

Kwa hiyo tunadai foliki asidi isiyo na chuma iwepo katika kila zahanati na kituo cha afya cha wilaya hizi, iagizwe kwa hesabu ya watoto wetu, isihesabiwe pamoja na ya wajawazito. Tunadai haidroksiyurea itolewe katika hospitali zetu za wilaya, kwa siku maalumu ya kliniki, pamoja na kipimo cha damu kinachotakiwa kwa anayeitumia. Damu ya kupima ini na akiba ya chuma ichukuliwe hapa, isafirishwe sampuli, asisafirishwe mtoto. Watoto wachanga nao wapimwe: utafiti wa kanda inayohudumiwa na Bugando ulikuta karibu mtoto mmoja kati ya watano ana vinasaba vya selimundu.

Na magulio yakaguliwe. Tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, dawa ziko TMDA, tiba asili ina Baraza lake. Muuzaji wa kopo akiulizwa na wa dawa husema ni chakula, akiulizwa na wa chakula husema ni mitishamba. Tunaomba hao watatu waje siku moja, pamoja, kwenye gulio moja.

Makopo tunakuachia, Mheshimiwa. Tunaomba yapimwe, na majibu tusomewe hapahapa Kayanga, kwa Kiswahili.