Usikimbilie kununua mashini mpya

Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Mwenye sekretariati wa Goma au Bukavu ambaye mashini yake haikubali Windows 11 anaweza kuhamia Linux, isiyolipiwa. Lakini programu yake ya hesabu inataka Windows.

Ajaribu kwanza Wine: haidai leseni ya Windows, na inakula memori kidogo. Ikishindwa, achukue VirtualBox, nayo ya bure. Ila hapo mifumo miwili inagawana memori moja. Chini ya giga 8 kazi inaweza kukwama. Na Windows ya zamani iliyo ndani aikatie intaneti, maana virusi havibishi hodi. Franka za mashini mpya zingoje kwanza.