Bomba tupu huleta maradhi Pwani

WAKAZI wa Mombasa huuzungumzia uhaba wa maji kama shida ya mfuko na mgongo, yaani bei ya mtungi kwa mchuuzi wa mkokoteni na mwendo wa kwenda kisimani. Ni nadra kumsikia mtu akiuliza ni nini hutendeka ndani ya bomba linapokaa siku tatu bila maji. Kwa maoni yangu swali hilo lingetangulia mengine yote.

Bomba lililojaa husukuma maji kwa nguvu kwenda nje. Likiwa na ufa, maji humwagika na hasara ni ya kampuni. Lakini maji yakifungwa nguvu hiyo hutoweka, na bomba huanza kufyonza kilicho kando yake. Katika mitaa kama Kisauni na Likoni, ambako watu wengi bado hutumia vyoo vya shimo na mabomba hupitia karibu na mitaro ya maji machafu, kilicho kando si kitu cha kutajwa wakati wa kula. Mfereji ufunguliwapo tena, uchafu huo ndio hutangulia kuingia mtungini. Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara damu hupitia njia hiyo.

Kinga yake ni klorini inayobaki majini hadi mwisho wa bomba. Shirika la Afya Duniani hupendekeza isipungue miligramu 0.2 kwa kila lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Kutia klorini kwenye chanzo ni kazi rahisi. Kuhakikisha kwamba imefika nyumba ya mwisho huko Likoni ni kazi inayotaka mtu mwenye kipimo mkononi, kila siku, na hapo ndipo usimamizi hujulikana.

Yafaa ikumbukwe kwamba maji ya Mombasa hutoka mbali. Bomba la Mzima, lililokamilika mwaka wa 1957, huteremsha maji kutoka chemchemi zilizomo katika mbuga ya Tsavo Magharibi, umbali wa kilomita zipatazo 220, bila kuhitaji pampu. Baricho ni tofauti. Visima vyake kando ya Mto Sabaki hutegemea mashine za umeme, na zaidi ya mara moja umeme huo umekatwa kwa sababu ya madeni. Vyanzo hivi, pamoja na Marere na Tiwi, havitoi hata nusu ya maji yanayohitajika na mji huu.

Madeni yenyewe ni mnyororo. Wakala wa serikali ya kitaifa huzalisha maji na kuyauzia makampuni ya kaunti za Pwani, ambayo nayo humuuzia mwananchi. Mwananchi asipolipa, au akilipa na pesa zikapelekwa kwingine, kampuni haimlipi wakala, naye wakala hailipi kampuni ya umeme. Swichi ikizimwa Baricho, mabomba hukauka kuanzia Malindi hadi Mombasa. Mgonjwa anayelazwa wiki moja baadaye hawezi kujua kwamba ugonjwa wake huenda ulianzia kwenye daftari la mhasibu. Bili ya umeme wa pampu ingelipwa kwanza, kabla ya gari jipya la mkurugenzi na kabla ya marupurupu ya vikao.

Halafu kuna maji yanayopotea. Kote nchini zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na makampuni haya hayaleti pato, kwa kuvuja, kuibwa au kutopimwa na mita. Kiwango ambacho msimamizi wa sekta hukubali hakizidi asilimia 25. Wanasiasa wetu hupenda miradi mikubwa kama bwawa la Mwache, Kwale, lililofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, na silipingi. Lakini sijaona kiongozi aliyealika bendi na waandishi wa habari kuja kushuhudia ufa ukizibwa.

Wakuu wa maji watajibu kwamba mgao hauepukiki. Ni kweli. Hata hivyo, kuna mgao na mgao. Afadhali mtaa upate maji saa chache kila siku au kila siku ya pili kuliko kufungiwa wiki nzima kisha kufunguliwa kwa kishindo. Ratiba itangazwe na ifuatwe. Maji ya kwanza yamwagwe kupitia vali za kusafishia kabla nyumba hazijafunguliwa. Watasema huo ni ubadhirifu, nami nasema ni bei ndogo kuliko dripu hospitalini.

Kwa sasa, mama mwenye nyumba, maji ya mwanzo yatumie kuoshea sakafu. Ya kunywa yachemshe hadi yatokote, uyahifadhi katika chombo chenye kifuniko. Usiamini kisima kwa sababu tu maji yake ni meupe, kwani mwamba wa matumbawe uliopo chini ya mji huu hupitisha maji ya choo upesi.

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Basi matokeo ya kipimo cha klorini, mtaa kwa mtaa, yabandikwe kila Jumatatu kwenye mlango wa ofisi ambako tunalipia bili.