Daftari la Wiki: Folda Iko Wapi?

"Faili langu limepotea." Hakuna ofisi yenye kompyuta ambayo haijawahi kuisikia kauli hiyo. Mimi naamini mafaili mengi yanayoliliwa hivyo hayajapotea. Yamehamia folda nyingine, na mwenyewe hakuelezwa vizuri.

Chukua Windows. Faili la Desktop tulizoea kulikuta C:\Users\jina\Desktop. Ukiwasha uhifadhi wa mtandaoni wa OneDrive, folda za Desktop, Documents na Pictures huingizwa ndani ya folda yake, na anwani inakuwa C:\Users\jina\OneDrive\Desktop. Ukitazama kioo, huoni tofauti. Lakini programu ya uhasibu iliyowekewa anwani ya kwanza itaendelea kutafuta kulekule, na atakayezima uhifadhi huo anaweza kukuta Desktop tupu huku mafaili yake yamebaki upande wa pili. Saa mbili asubuhi, bosi anaisubiri ripoti, nani atatulia atafute? Mtu anaanza kuandika upya. Hilo ndilo linaloniuma: kazi ya wiki nzima inarudiwa, na ile ya kwanza imo humo humo kwenye mashine.

*

Basi iulizwe mashine, tuache kubahatisha. Kwenye Windows fungua dirisha lolote la folda, andika %OneDrive% pale juu inapokaa anwani, bonyeza Enter. Folda itafunguka hata kama fundi aliipeleka diski D. Dropbox nayo huandika mahali pa folda yake katika faili dogo liitwalo info.json, ndani ya %LOCALAPPDATA%\Dropbox au %APPDATA%\Dropbox. Lifungue kwa Notepad usome palipoandikwa path. Google Drive ya kompyuta, isipopangwa vingine, hujitengenezea diski ya bandia, mara nyingi yenye herufi G. Anayeipekua C atachoka bure.

Ukishaipata folda, usiiburute kwa mausi kuipeleka kwingine. Dropbox ihamishe kupitia mipangilio yake. OneDrive itenganishe na kompyuta kwanza, hamisha folda, kisha uiunganishe upya.

*

Kwa wenye Mac: kwenye matoleo ya karibuni, folda hizi huwekwa ndani ya Library/CloudStorage, na Library yenyewe imefichwa. Ingia Finder, fungua menyu ya Go huku umeshikilia Option, itajitokeza.

*

Dada mmoja wa masjala aliniita mezani kwake. "Kaka, jina la barua naliona, mbona haifunguki?" Pembeni ya jina palikuwa na kialama cha wingu la buluu. Jina lilikuwa kwenye kompyuta, barua yenyewe ilikuwa kwenye seva, na bando limekata. Mpango huo unaokoa nafasi ya diski, sikatai. Kwa mtu anayenunua intaneti ya siku moja moja, folda ya kazi za kila siku lazima ikae kwenye mashine yenyewe. Kwenye OneDrive, ibofye kwa kitufe cha kulia, chagua ibaki kwenye kifaa daima, kisha ngoja duara la kijani lenye tiki nyeupe. Fanya hivyo bando likiwa bado lipo.

*

Wanafunzi wanaopeleka ripoti za utafiti steshenari, hili ni lenu. Hati ya Google Docs inayoonekana kwenye folda ya Google Drive, yenye mwisho wa .gdoc, haina maandishi ndani yake. Ni kiungo tu cha kuelekea mtandaoni, na ukubwa wake hauzidi KB chache. Ukiinakili kwenye flashi umebeba anwani bila ripoti, na kompyuta ya steshenari isiyo na intaneti haitakuchapia chochote. Ifungue hati mtandaoni, nenda File, kisha Download, chagua PDF, halafu hiyo PDF ndiyo uiweke kwenye flashi.