Divai ya Miaka Si Dawa ya Moyo
Mgonjwa wangu mmoja hapa Likoni, mwenye shinikizo la damu, aliniambia ameacha mnazi. Sasa anakunywa divai nyekundu iliyokaa miaka mingi, eti ni dawa ya moyo.

Ni kweli, divai hubadilika. Ule ukali wa kukausha ulimi hupungua, na wekundu wake huelekea rangi ya matofali. Mnazi nao huwa mtamu asubuhi, mkali jioni, na ukilala sana huwa siki. Lakini kileo kilichomo chupani hakipungui kwa umri. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema hakuna kiasi cha pombe kilicho salama.

Ndugu msomaji, ini halihesabu miaka ya chupa. Punguza chumvi, tembea, na umeze dawa ulizoandikiwa.