Uwanda Usio na Watu: "Wildest Dreams" na Siasa ya Mandhari Tupu

Tangu video ya wimbo wa Taylor Swift, "Wildest Dreams", ionyeshwe kwa mara ya kwanza tarehe 30 Agosti 2015, mjadala juu yake umekwama katika swali moja: je, mna Waafrika wangapi ndani yake? Wanaoishutumu husema kwamba Waafrika hawaonekani, au huonekana kwa kupepesa jicho tu, nyuma ya Wazungu. Wanaoitetea hujibu kwamba wamo. Makala haya yanadai kwamba pande zote mbili zimeshika swali lisilofaa. Dosari kuu ya video hiyo haimo katika idadi ya nyuso nyeusi bali katika ardhi tupu, na utupu huo ni ishara ya kisiasa yenye historia inayojulikana na inayoweza kutajwa kwa tarehe na mahali.

Kisa chenyewe ni chepesi. Waigizaji wawili wa sinema, Wazungu, wanapendana wakati wa kupiga filamu barani Afrika katika miaka ya 1950. Wamezungukwa na simba, twiga na punda milia. Mna ndege ndogo ya kizamani, mna nyasi zisizo na mwisho. Video ilipigwa Botswana na Afrika Kusini, lakini "Afrika" yake haina nchi, haina mji, haina hata kijiji. Siku mbili baada ya kuonyeshwa, waandishi wawili wa Afrika Mashariki, Viviane Rutabingwa na James Kassaga Arinaitwe, waliishambulia kupitia redio ya umma ya Marekani, NPR, kwa kuota Afrika ya Wazungu watupu. Mwongozaji, Joseph Kahn, alijitetea kwa hoja tatu: kwamba kisa kimefuata mapenzi ya sinema za kale kama The African Queen na Out of Africa, kwamba mtayarishaji na mhariri wa video ni Wamarekani weusi, na kwamba kuwajaza weusi katika kikosi cha wapiga filamu wa wakati huo kungekuwa kuiandika historia upya.

Hoja hii ya tatu ndiyo inayostahili kupimwa kwa makini kuliko zote, kwa sababu inajinasibisha na ukweli wa kihistoria. Basi na historia iulizwe. Mwishoni mwa 1952 na mwanzoni mwa 1953 kikosi cha Hollywood kilikuwamo Afrika Mashariki kikipiga filamu ya Mogambo, iliyoongozwa na John Ford, ambamo Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly waliigiza mapenzi ya safari ya mbugani. Hiki ndicho kisa halisi kilicho karibu mno na ndoto ya video hii. Lakini tarehe 20 Oktoba 1952 serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kutangaza Hali ya Hatari nchini Kenya, nayo haikuondolewa hadi Januari 1960. Katika muda huo watu 1,090 walinyongwa, na makumi ya maelfu walifungwa kizuizini bila kesi. Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa Wakenya 5,228 waliodai fidia ya mateso ya miaka hiyo. Kwa hiyo, anayetaka kuionyesha Kenya ya miaka ya 1950 bila ya kuiandika historia upya hana budi kuonyesha seng'enge. Anayeonyesha nyasi na twiga peke yake amekwisha kuiandika upya.

Ushahidi wa jambo hili hauhitaji kutafutwa mbali. Uwanda unaoigwa na sinema za namna hii, wenye majani makavu, miti michache na wanyama wanaotembea bila mchungaji, unafanana sana na uwanda wa Athi, kusini-mashariki mwa Nairobi. Leo ukingoni mwa uwanda huo umesimama mji wa Mlolongo, katika Kaunti ya Machakos. Jina lenyewe, kama wenyeji wanavyolieleza, limetokana na foleni ya malori yaliyokuwa yakingoja kupimwa kwenye mizani ya barabara ya Mombasa. Ni mji wa majengo ya ghorofa ya kupangisha, wa vumbi, wa matingo na mama wa vibanda. Na ndipo inapoanzia ile barabara ya juu ya kilomita 27 iliyofunguliwa mwaka 2022. Mtu akisimama hapo hawezi kuamini kwa urahisi kwamba ardhi hii iliwahi kuchorwa kama makao ya wanyama peke yao.

Kilomita chache kutoka hapo, Athi River, palikuwa na kambi ya kizuizini katika miaka hiyohiyo ya 1950. Wafungwa wake walilazimishwa kuungama viapo vyao, na wafuasi wa Moral Re-Armament walipewa nafasi ya kujaribu kuwageuza fikira. Hata kabla ya hapo uwanda haukuwa tupu. Mwaka 1938 serikali iliwanyang'anya Wakamba ng'ombe kwa kisingizio cha kuhifadhi udongo, na ng'ombe hao wakauzwa kwa bei duni huku kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kikiwa kimejengwa karibu na Athi River ili kuwapokea. Mwezi Julai mwaka huo maelfu ya Wakamba walikwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa na kuhamishiwa Lamu, lakini upunguzaji wa mifugo kwa nguvu ulisitishwa. Tendo hili lilikuwa la watu waliojua thamani ya ardhi yao na bei ya ng'ombe wao. Watu hao hawana mahali pa kusimama katika ile mandhari, kwa kuwa wakisimama humo mandhari itageuka kuwa shamba, malisho na kesi.

Hapa ndipo ishara inapodhihirika. Utupu si hali ya asili ambayo kamera imeikuta; ni matokeo ya sheria, mipaka, uhamishaji na ua. Picha ya ardhi tupu humwambia mtazamaji kwamba hakuna aliyeondolewa, na kwa hiyo hakuna anayedai. Ndiyo maana hoja ya pili ya Kahn, kuhusu rangi ya watayarishaji, haijibu kitu. Ishara haibadiliki kwa sababu ya rangi ya mkono ulioichora. Wala dai la wapinzani wake, kwamba Waafrika waongezwe, halitoshi. Out of Africa ya 1985 imejaa Waafrika: wapishi, watumishi, wazee wa shamba. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, katika insha iliyomo ndani ya Moving the Centre (1993), alikwisha kuonyesha kwamba katika maandishi ya Karen Blixen mpishi na mbwa hupendwa kwa upendo wa aina moja. Mtumishi anayepita na sinia hauondoi utupu, huupamba.

Watakuwapo wahakiki watakaosema kwamba huu ni wimbo wa mapenzi tu, na kwamba kuupakia mzigo wa ukoloni ni kuupima kwa mizani isiyo yake. La hasha. Mamlaka zenyewe zimekwisha kukiri uzito wa video za muziki. Mwaka 1996, Michael Jackson na mwongozaji Spike Lee walipokwenda Brazil kupiga video ya "They Don't Care About Us", wakuu wa jimbo la Rio de Janeiro walijaribu kuwazuia wasipige picha katika mtaa wa mabanda wa Dona Marta, wakihofia sifa ya utalii na azma ya mji wao ya kuandaa Olimpiki ya 2004. Hakuna mkuu aliyehofia twiga wa "Wildest Dreams". Tofauti hiyo ni somo kamili la uhakiki: picha inayotisha ni ile yenye watu waliosimama mahali pao wakidai haki, picha inayofariji ni ile ambayo wadai wamekwisha kuondolewa. Hata sadaka ya video hii inafuata mantiki hiyohiyo, kwani mapato ya Swift kutokana na matangazo yake yaliahidiwa kwa African Parks Foundation of America, shirika la kuhifadhi mbuga. Kuhifadhi mbuga ni jambo jema, lakini yafaa kuona ni nani aliyekumbukwa.

Lawama haiishii Hollywood. Matangazo ya utalii ya Kenya huru huuza uwanda uleule, na wapiga video wa Nairobi wanapotaka "uzuri wa Afrika" mara nyingi hurusha kamera juu ya nyasi zilezile zisizo na mtu. Nayo ardhi inaendelea kusafishwa. Mwezi Oktoba 2023, huko Mavoko, matingatinga yalibomoa nyumba za watu kwenye ardhi ambayo mahakama ilikuwa imeamua kuwa ni ya kampuni ya saruji. Uhalali wa hati ni suala la mahakama. Suala la mhakiki ni jinsi jicho lililozoezwa kuupenda uwanda mtupu linavyoweza kuyatazama mabomoko hayo bila kuona kwamba kuna kilichopotea.

Kwa hiyo kipimo cha haki ya rangi katika video ya muziki hakiwezi kuwa hesabu ya nyuso. Kinachopaswa kuulizwa ni kazi ya nani inaonekana, ardhi ni ya nani, na nani aliondolewa kabla ya kamera kufika. Idara za fasihi ambazo bado zinafundisha mandhari kama pambo la fani, zikiiweka mbali na maudhui, zinawanyima wanafunzi wao swali hilo. Mwanafunzi anayetoka Mlolongo kwenda kusoma uhakiki ana haki ya kufundishwa kwamba uwanda anaouona katika video hiyo haukuzaliwa mtupu.